Kubainisha Kabla ya Kuhukumu: Ablaq, Ndege Mgeni wa Nyika Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, nanyi wanafunzi mlioketi kando ya redio: katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ajili yake. Wanavyuoni huliita jambo hili tabayyun, yaani kubainisha. Aghalabu tunalisikia likitajwa katika mambo ya wanadamu: ushahidi, uvumi, na magomvi ya majirani. Leo twataka kulitazama mahali ambapo wengi hawalitazamii, nako ni shambani na machungani, mbele ya kiumbe chenye uzito wa karibu nusu ya yai la kuku.

Mkulima anapoamia mtama au mpunga wake, macho yake huwa juu ya ndege wadogo. Ana haki ya kufanya hivyo, kwa maana kwelea kwelea hushuka kwa makundi makubwa na waweza kumaliza jasho la mwaka mzima kwa muda mfupi. Lakini hasira ya mkulima ina hatari yake. Kila ndege mdogo mwenye rangi ya udongo huhesabiwa mwizi. Jiwe hurushwa, manati huvutwa, na watoto huiga wayaonayo kwa wakubwa. Sheria yetu inafundisha kwamba mtu hachukuliwi kwa kosa la mwingine. Ikiwa hivyo ndivyo katika mahakama, basi yafaa tujiulize: je, yule tuliyempiga jiwe alikuwa mwizi kweli?

Tutamzungumzia ndege mmoja ambaye mara nyingi hupatwa na hukumu hiyo asiyoistahili. Waarabu huwaita ndege wa kabila lake ablaq, neno lenye maana ya kitu kilichochanganya weusi na weupe. Wataalamu wa ndege humwita Oenanthe oenanthe. Jina lake la Kiingereza halihusiani na ngano, ijapokuwa laonekana hivyo katika maandishi. Asili yake ni maneno ya zamani yenye maana ya mweupe wa nyuma. Sisi tutamwita ablaq, na tutasema mambo matatu juu yake: vipi atambuliwe, vipi aishi, na ni haki gani aliyo nayo kwetu.

Jambo la kwanza ni kumtambua.

Ablaq ana urefu wa sentimita 15 hivi kutoka mdomo hadi mkia, na uzito wa gramu 25 au karibu yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki huonekana kuanzia Oktoba hadi Machi au mwanzo wa Aprili. Kwa hesabu ya watu wa pwani, huja mwishoni mwa kusi, hukaa muda wote wa kaskazi, na huondoka kusi inapokaribia kurudi. Hapendi msitu wala kichaka. Mtafuteni mahali pa wazi: mbuga yenye nyasi fupi, malisho yaliyokwisha kuliwa na ng'ombe, shamba lililolimwa, au kiwanja kikavu. Hukimbia au hurukaruka chini hatua chache, kisha husimama wima ghafula, akainamisha kichwa na kutikisa mkia. Akipata jiwe, kigingi au kichuguu hupanda juu yake na kutazama pande zote kama mlinzi aliye juu ya ulingo.

Alama yake kubwa haionekani mpaka aruke. Hapo utaona kiuno cheupe kabisa juu ya mkia, na weupe huo ukishuka pande mbili za mkia. Ncha ya mkia ina utepe mweusi, na manyoya ya katikati ni meusi pia, hata ukatokea mchoro kama herufi T iliyopinduliwa juu chini. Mwenye kuiona alama hii mara moja hawezi kuisahau.

Rangi za mwili hubadilika. Anapofika mwezi wa Oktoba, dume na jike hukaribiana kwa sura: mgongo wa kahawia, kifua cha rangi ya mchanga wenye wekundu kidogo, na mstari mweupe au wa rangi ya mchanga juu ya jicho. Kati ya Januari na Machi hubadilisha sehemu ya manyoya yao wakiwa papa hapa kwetu. Dume hapo hupata vazi la arusi: mgongo wa kijivu, mabawa meusi, utepe mweusi upitao machoni, na mstari mweupe juu yake. Jike hubaki na kahawia iliyopoa. Kwa hiyo mwanafunzi akiona ndege wa namna mbili, mmoja mwezi wa Novemba na mwingine mwezi wa Machi, asiseme haraka kwamba ni ndege wawili mbalimbali. Huenda ni yule yule aliyevaa nguo nyingine.

Na kinyume chake pia ni kweli: wako ndege wanaofanana naye ambao si yeye. Yuko jamaa yake wa rangi ya mchanga mtupu, ambaye naye ni mgeni kutoka Asia. Huyo ni mkubwa kidogo, husimama wima zaidi, na utepe mweusi wa mkia wake ni mpana, hata weupe wake ukawa haba. Yuko mwingine ambaye dume lake lina mgongo mweusi na koo jeusi, naye hupenda kutua juu ya vijiti na vichaka. Tena yuko jamaa wa nne ambaye si mgeni hata kidogo; huzaliwa na kufa katika bara letu. Mwenyeji huyu hutambulika kwa paji jeupe, utosi mweusi, na utepe mpana mweusi kifuani kama aliyevaa joho. Mtoto wake hana utepe ule bado, na huyo ndiye awezaye kumdanganya hata mtazamaji mzoefu.

Je, na kwelea kwelea? Tofauti yao na ablaq ni dhahiri kwa mwenye kutazama. Kwelea kwelea ana mdomo mfupi mnene, ulioumbwa kwa kuvunja punje. Ablaq ana mdomo mwembamba, ulioumbwa kwa kuokota mdudu. Kwelea kwelea huenda kwa makundi. Ablaq huwa peke yake, na wakati wa kukaa kwake huku kila mmoja huwa na kipande chake cha ardhi anachokilinda, akimfukuza mwenziwe anayekiingilia. Kwelea kwelea huning'inia kwenye masuke. Ablaq huwa chini, kwenye udongo. Chakula chake ni mbawakawa, chungu, viwavi, panzi na wadudu wengine, na matunda madogo ya porini akiyapata. Punje ya mtama haimhusu.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hangoji kupewa jembe. Tangu siku anayofika huwa shambani akiokota viwavi na panzi, nasi tunamrushia mawe. Huko ndiko kuhukumu kabla ya kubainisha.

Jambo la pili ni maisha yake.

Ablaq hazai kwetu. Huzaa katika nchi za kaskazini, kuanzia Ulaya, kupita Asia yote ya kaskazini, hadi Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini-magharibi kabisa ya bara lile. Wengine huzaa upande wa pili wa bara hilo, katika mashariki ya Kanada ya barafu na katika Greenland. Huko jike hutafuta shimo kati ya mawe, ufa wa ukuta, au tundu lililoachwa na mnyama, akatandika majani makavu, nywele na manyoya. Hutaga mayai matano au sita kwa kawaida, ya rangi ya samawati iliyopauka. Huyaatamia siku 13 hivi, na kazi hiyo zaidi ni ya jike. Makinda yakianguliwa, baba na mama hushirikiana kuyalisha. Baada ya siku 15 hivi makinda hutoka shimoni, lakini wazazi huendelea kuyalisha kwa muda wa siku kadhaa mpaka yajue kujitafutia. Katika kaskazini ya mbali jua la kiangazi halichwi, au huchwa kwa muda mfupi tu, na wadudu ni tele. Ndipo ndege akapata saa nyingi za kulisha watoto wake. Lakini neema hiyo ni ya muda mfupi. Mwezi wa Agosti baridi huanza kurudi, wadudu hutoweka, na safari haina budi.

Wanaadamu walijua zamani kwamba ndege huyu huondoka, ila hawakujua kwa hakika yule wa Alaska huenda wapi. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza jibu. Waliwafunga ndege wa Alaska na wa Kanada vifaa vidogo vyenye uzito wa gramu moja na kitu, kisha wakangoja mwaka mzima mpaka ndege warudi, kwa kuwa kifaa kile hakitumi habari. Ni lazima ndege akamatwe tena na kifaa kisomwe. Waliosomeka walikuwa ndege watatu wa Alaska na mmoja wa Kanada.

Namna ya kifaa hicho inawafaa sana wanafunzi wanaosoma elimu ya nyakati za sala. Kazi yake ni kupima mwanga na kuandika saa, basi. Twajua kwamba adhuhuri ya mahali pa mashariki hutangulia ile ya magharibi. Jua hupinduka Mombasa dakika 40 hivi kabla halijapinduka Kigoma, ingawa saa za mkononi katika miji hiyo zasema sawa. Kwa hiyo ukijua saa ya katikati ya mchana alipo ndege, umejua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Tena twajua kwamba urefu wa mchana hubadilika kwa kadiri mtu anavyokwenda kaskazini au kusini. Kwa hiyo ukijua saa ya kuchomoza na saa ya kuchwa, umejua na upande huo wa pili. Hesabu hiyo ya pili hukwama tu karibu na siku zile za Machi na Septemba ambapo mchana na usiku hulingana duniani kote. Elimu ile ile iliyowekea misikiti yetu ratiba ya sala ndiyo iliyofichua njia ya ndege huyu.

Na njia hiyo ni ya ajabu. Ndege wa Alaska hawakushuka Marekani ya Kusini, ambako ni karibu zaidi. Walivuka bahari kuingia Asia, wakapita kaskazini ya Urusi, wakapita Kazakhstan, wakavuka jangwa la Bara Arabu, wakafika Afrika Mashariki: Sudan, Uganda na Kenya. Mwendo huo ni kilomita 14,500 hivi kwa kwenda tu. Kuja kwao kulichukua siku 91 kwa wastani. Kurudi kulichukua siku 55, kwa maana anayekwenda kuzaa ana haraka. Yule wa Kanada alishika njia nyingine: alivuka bahari ya Atlantiki, kilomita 3,500 hivi, kwa siku nne, akafika visiwa vya Uingereza, kisha akashuka hadi Afrika Magharibi. Hivyo ndege wa pande mbili za bara moja, mmoja aendaye magharibi na mwingine aendaye mashariki, wote hukusudia Afrika. Wataalamu hueleza kwamba asili yao ni Ulaya na Asia. Walipoenea wakafika ng'ambo, hawakuiacha njia ya wazee wao.

Zingatieni jambo jingine. Ablaq husafiri usiku, na peke yake. Kinda lililoanguliwa mwezi wa Juni huondoka bila ya baba wala mama wa kulionyesha njia, likaenda mahali ambapo halijapata kupaona. Uchunguzi wa ndege waimbaji wasafirio usiku umeonyesha kwamba huzaliwa na maarifa ya upande wa kuelekea, na kwamba hutumia nyota pamoja na nguvu ya sumaku iliyo katika ardhi. Mabaharia wetu waliokwenda na kurudi Bara Arabu kwa majahazi walijifunza nyota miaka mingi kwa walimu wao. Huyu amefunzwa na Muumba wake kabla ya kutoka yaini. Ndiyo maana Suratul-Mulk, aya ya 19, ikatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu. Mwenye kutazama kwa makini hakosi kitu cha kujifunza.

Lakini asidhani mtu kwamba ndege huyu hujitupa tu angani akasema litakalokuwa na liwe. Kabla ya kuvuka bahari au jangwa, hula kwa bidii na kujiwekea mafuta mwilini. Wale wa Greenland na Kanada waweza kukaribia kuongeza uzito wao mara mbili kabla ya kuvuka. Mafuta hayo ndiyo masurufu yake ya njiani. Katika hadithi ya Mtume (S.A.W.) tumepewa mfano wa ndege watokao asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba, nao ni mfano wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wakatanabahisha kwamba ndege hao hutoka. Hawakai kiotani kungoja riziki iwajie. Tawakkul ya ablaq ina maandalizi ndani yake, nayo ni somo kwa kijana anayetaka mtihani bila ya kusoma, na kwa mzee anayetaka mavuno bila ya kulima.

Jambo la tatu ni haki yake kwetu.

Ndege huyu angali wengi duniani, wala hatusemi kwamba yu karibu kutoweka. Lakini idadi yake inapungua, na katika nchi nyingi za Ulaya upungufu huo umeonekana wazi. Katika karne ya 18 na ya 19, wachungaji wa kusini mwa Uingereza waliwatega ablaq kwa wingi mno wakati wa safari yao, wakawauza kuwa kitoweo cha mezani kwa matajiri. Desturi hiyo imekwisha. Kisha mwaka 1953 maradhi ya sungura yaliingia Uingereza, sungura wakafa kwa wingi, na nyasi walizokuwa wakizila zikarefuka. Ablaq, ambaye hawezi kukimbia wala kutafuta wadudu katika nyasi ndefu, akapoteza makao mengi. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Alidhurika kwa sababu viumbe vimefungamana, na kamba moja ikilegea nyingine hulegea.

Sasa tuitazame sehemu yetu. Ablaq hukaa kwetu karibu miezi mitano au sita, yaani karibu nusu ya umri wake. Ndege aliyezaliwa Alaska akavuka Urusi na majangwa, akanusurika na mwewe na tufani, akafika katika malisho yetu, kisha akauawa kwa jiwe la mtoto aliyekuwa akicheza: hasara hiyo haiishii hapa. Huko alikotoka, jiwe alilozoea kusimama juu yake litakuwa tupu mwezi wa Mei. Sisi na watu wa kule hatujuani, wala lugha zetu hazifanani, lakini tumeshirikishwa amana moja. Wao wamepewa kiota, nasi tumepewa malisho.

Basi yatupasa mambo manne. Kwanza, tuwakataze watoto kufanya ndege kuwa shabaha. Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kuwekwa kuwa shabaha, na katazo hilo lawahusu hata wenye manati. Mtoto anayezoea kuua kwa mchezo huufanya moyo wake mgumu, na moyo mgumu hauchagui baina ya mnyama na mtu.

Pili, mkulima na alinde shamba lake, lakini amlenge mwizi. Tazama mdomo, tazama kundi, tazama anakula nini. Na ikibidi kutumia sumu, tukumbuke kwamba sumu iliyokwisha kumwagwa haina macho; humpata mwizi, na humpata mgeni, na humpata hata aliyekula mzoga. Kwa hiyo itumike kwa shauri la wataalamu wa kilimo, kwa kiasi, na mahali panapohusika tu.

Tatu, malisho yetu tuyatunze yabaki kuwa malisho. Nyasi fupi zilizoliwa kwa kiasi na ng'ombe, kondoo na wanyama wa mwituni ndizo ardhi anayoihitaji ablaq. Mfugaji anayechunga vizuri, akahamisha kundi kabla ardhi haijawa vumbi tupu, anamfaa ng'ombe wake na anamfaa mgeni huyu kwa tendo moja.

Nne, wanafunzi waanze kutazama na kuandika. Daftari moja latosha. Andikeni tarehe, mahali, idadi, na alama mlizoziona: kiuno, mkia, mdomo, mwendo. Andikeni siku ya kwanza mliyomwona baada ya Oktoba, na siku ya mwisho kabla ya Aprili. Msiyoyaona msiyaandike, mkiwa na shaka andikeni kwamba mna shaka. Mwanafunzi anayezoea kusema alichokiona tu, bila ya kuongeza wala kupunguza, anajizoeza kuwa shahidi mwadilifu, na shahidi wa namna hiyo anahitajiwa zaidi ya ndege elfu.

Ndugu Waislamu, hatukutumia muda huu ili tupate kumsifu ndege. Tumetaka kuonyesha kwamba elimu ni mlango wa uadilifu. Hatuwezi kumtendea haki tusiyemjua, wala hatuwezi kulinda tusichoweza kukitofautisha na kingine. Aliyeshindwa kubainisha baina ya mwizi na mgeni wa gramu 25, atabainisha vipi baina ya wagombanao mbele yake, kila mmoja na maneno yake matamu?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho yaonayo, na ndimi zisemazo baada ya kuhakikisha, na mikono isiyodhulumu aliye dhaifu. Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa watunzaji wema wa amana uliyotuweka juu yake, sisi na watoto wetu, na watu wa kila nchi tunaoshirikiana nao amana hiyo. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.